Jina kapuni: walimu wa kwaya waliotufundisha kuingia kambini

Wadau, sote tunajua maana ya "jina kapuni" kwenye kurasa za udaku. Kuna mtu kafanya la kufanya, basi jina linafichwa asije akaaibika mbele ya majirani na wakwe. Leo nawaletea watu wengine ambao majina yao yako kapuni miaka na miaka, na hawa hawakufanya aibu yoyote. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba walifundisha watu kuimba.

Nianze mbali kidogo halafu turudi huku kwetu milimani. Huko Hispania, vijijini kabisa, kila kiangazi kuna watu wanatoa pesa zao nzuri tu ili wakakae wiki nzima mahali pamoja. Wanalala hapo, wanakula hapo, asubuhi wanafanya mazoezi ya sauti, mchana wanapumzika, jioni wanarudia tena, na siku ya mwisho wanaimba kwenye kanisa la kijiji au uwanjani, wenyeji wanakuja kusikiliza. Wanaiita likizo ya kuimba. Mimi niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu. Hapa Kwai kitu hicho kina jina tayari. Tunasema kwaya imeingia kambini.

Tofauti ni kwamba wenzetu wanalipa, sisi tunabeba maharage.

KAMBI NI NINI HASA

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuimba kwaya, ngoja nieleze. Kwaya ikiwa na jambo kubwa mbele yake, labda mashindano, labda kurekodi, labda ziara kwenye usharika mwingine, mazoezi ya mara mbili au tatu kwa wiki hayatoshi. Watu wanatoka shambani wamechoka, mwingine anafika saa moja kasoro, mwingine hafiki kabisa. Basi viongozi wanakaa wanaamua: tuingie kambini. Inatafutwa shule iliyofungwa, au majengo ya kanisa, na mara nyingi ni miezi ya Juni mpaka Agosti. Lushoto wakati huo baridi inauma kweli, ila masika yameisha na barabara zinapitika.

Kila mwanakwaya analeta mchango wake. Huku kwetu ni viazi, kabichi, karoti, unga na maharage, maana ndivyo ardhi inavyotoa. Kuna mwenyekiti, katibu na mhazini. Kuna mlezi, kwa kawaida mama mtu mzima anayeheshimika, ambaye bila yeye wazazi hawatoi ruhusa binti zao walale nje ya nyumbani. Na kuna mwalimu.

Mwalimu ndiye kila kitu. Anagawa watu sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kila kundi linapewa kona yake, hawa nyuma ya darasa, wale chini ya mti, na mwalimu anazunguka kama daktari wa wodi. Anaimba sauti ya kwanza, wanaitikia. Anahamia kwa besi, anaimba yao, wanaitikia. Zamani maneno yaliandikwa kwa mkono kwenye daftari, na wenye nota walikuwa na zile za do, re, mi. Wengi hata hizo hawakuwa nazo, walishika kwa sikio tu. Jioni makundi yanaletwa pamoja, na hapo ndipo unapopata raha ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi. Sauti nne ambazo mchana kutwa zilikuwa zinaonekana kama hazina maana, ghafla zinakuwa wimbo.

Na tusidanganyane wadau, ndoa ngapi za huku milimani zimeanzia kwenye kwaya? Majina kapuni, ila mnajijua.

ILIANZIA WAPI

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo. Walikuwa wa ile misheni iliyokuja kujulikana kama Misheni ya Bethel, na majina yao yameandikwa vizuri kabisa: Ernst Johanssen na Paul Wohlrab. Mlalo wakaipa jina la kwao, Hohenfriedeberg. Baadaye wakafungua vituo vingine, Vuga, Mtae, Bumbuli. Upande wa Katoliki, Watrapisti walifika Gare mwaka 1897. Na huku chini upande wa Muheza, Waingereza wa UMCA walikuwa wameshakaa Magila kabla ya wote hao.

Angalia na hii. Mwaka huohuo wa 1891, kule Barcelona, Hispania, ilianzishwa kwaya maarufu inayoitwa Orfeó Català, ambayo ipo mpaka leo. Kabla yake, mwaka 1850, mtu mmoja anaitwa Josep Anselm Clavé alikuwa ameanza kukusanya wafanyakazi wa viwandani waimbe pamoja badala ya kumalizia mshahara kwenye vilabu vya pombe. Kwa hiyo msidhani kwamba Ulaya walikuwa wamemaliza mambo ya kwaya zamani za kale ndipo wakatuletea sisi masalia. Hata wao, mtu wa kawaida kuimba kwenye kwaya ya sauti nne lilikuwa ni jambo jipya jipya. Wakati mfanyakazi wa Barcelona anahangaika kushika sauti yake ya tatu, kijana wa Mlalo naye alikuwa mbioni kuanza kuhangaika na yake.

Bethel yenyewe, kule Bielefeld, ilikuwa na sifa ya matarumbeta. Kuanzia 1893 alikuwapo pale Johannes Kuhlo, mchungaji aliyependa tarumbeta mpaka Wajerumani wakambandika cheo cha jenerali wa matarumbeta. Ukisikia matarumbeta kwenye ibada za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania, ujue ni desturi ya Wajerumani iliyopanda mlima.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kisambaa ni lugha ya toni. Neno lina mlima na bonde lake, sauti ikipanda au kushuka pasipo pake, maana inaweza kuharibika. Sasa chukua wimbo wa Kijerumani, sauti yake imeshapangwa tangu enzi za Luther, halafu ubandike juu yake maneno ya Kisambaa. Neno linalotaka kushuka linapandishwa. Linalotaka kupanda linashushwa. Mzungu anaridhika kwamba tafsiri ni sahihi, na kwenye karatasi ni sahihi kweli. Masikioni mwa bibi aliyekaa benchi la nyuma ni habari nyingine.

Nani alirekebisha hayo? Nani alisema "hapa neno hili tulibadilishe, hapa tuvute kidogo"? Mgeni aliyejifunza lugha ukubwani hawezi kuyasikia yote hayo peke yake. Alihitaji mwenyeji pembeni yake. Hao wenyeji ndio wa kwanza kwenye kapu letu.

Halafu kuna mambo ya ngoma. Wasambaa walikuwa na mdumange wao, na walijua kuimba kwa kupokezana, mmoja anatoa na wengine wanaitikia, tangu kabla mzungu hajapanda Usambara. Wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa ni mambo ya kipagani wakaiweka nje ya mlango wa kanisa. Lakini huwezi kumwambia mtu aache mwili wake nje. Ile kupokezana iliingia, ile kuyumba kidogo kidogo iliingia. Leo kwaya ikiimba bila kucheza hata hatua mbili, watu wanauliza kama kuna msiba.

WAZUNGU WALIPOONDOKA

Hapa ndipo kwenye kiini cha mada yangu. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia, Waingereza waliiteka Usambara. Wilhelmstal ikarudi kuwa Lushoto. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kufukuzwa, na mpaka kufika 1920 walikuwa wameondoshwa. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Nani aliimbisha Jumapili? Nani alifundisha watoto nyimbo za Krismasi? Makanisa hayakufa. Wajerumani waliporudi walikuta watu wapo na wanaimba. Waliowashika ni walimu na wainjilisti Waafrika, watu waliosoma miaka michache kwenye shule za misheni wakarudishwa vijijini na kitabu kimoja cha nyimbo na kengele. Mchana wanafundisha kusoma na kuandika, jioni wanafundisha kuimba. Mshahara mdogo au hakuna.

Na mchezo ukarudiwa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani wakawekwa kizuizini tena, wakaja Walutheri wa Marekani na Sweden kusaidia. Ila Mmarekani aliyetua jana hajui Kisambaa. Kwa mara nyingine walimu walewale, au watoto wao, wakabeba.

Mnaona hata hili neno kwaya? Limetoka kwenye Kiingereza, halikutoka kwa Wajerumani waliotuletea zile nyimbo za kwanza. Jina lilikuja na mtawala wa pili. Waliobaki hapohapo kupitia tawala zote ni waimbaji na walimu wao.

Mtu akiuliza mwalimu wa kwaya ana umuhimu gani, mkumbushe wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitungwa Afrika Kusini mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti ambaye alikuwa anaongoza kwaya ya wanafunzi. Alifariki mwaka 1905, hajui kama kuna nchi itakuja kuitwa Tanzania. Mwalimu wa kwaya, mshahara wa mwalimu, na leo viwanja vizima vinasimama wima kwa ajili ya kazi yake.

MAKAMBI YA JIRANI

Ukisimama Mtae ukatazama ng'ambo ya Mkomazi unaiona milima ya Upare. Huko Wasabato waliingia mwaka 1903, na wao ndio waliolipa neno kambi heshima yake kamili. Kwao yanaitwa makambi. Kila mwaka, katikati ya mwaka, waumini wanakusanyika kama wiki moja kwa mahubiri, mafundisho ya afya na familia, na nyimbo. Zamani watu walihama kabisa, wanajenga vibanda, wanalala hapo na watoto na masufuria yao. Siku hizi sehemu nyingi watu wanatoka nyumbani asubuhi wanarudi jioni, lakini jina limebaki makambi.

Asili yake ni Marekani. Kambi yao kubwa ya kwanza ilifanyika Wright, jimbo la Michigan, mwaka 1868. Ila nendeni makambi ya Upare au Kanda ya Ziwa mkaone kama mtakumbuka Michigan. Kwaya inaweza kujiandaa miezi mingi kwa ajili ya wiki hiyo moja. Kuna kwaya mwenyeji na kuna kwaya mgeni, na ile kwaya mgeni ikishuka kwenye gari na sare mpya, weeeh, wenyeji wanajua kazi ipo.

Serikali nayo haikukaa nyuma. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule na vyuo vilikuwa na kwaya za kuimba ujamaa na kujitegemea. Na mpaka leo, wanafunzi wakienda UMITASHUMTA na UMISSETA, pembeni ya mpira na riadha kuna kwaya na ngoma. Watoto wanalala kwenye madarasa, wanaimba, wanarudi makwao na marafiki wa wilaya nyingine. Hiyo nayo ni kambi, na haina dini.

ALIYETOKA KAPUNI

Sasa niwape mfano wa mtu ambaye jina lake halikupotea, muone inavyowezekana.

Mwaka 1947 Walutheri walianzisha chuo cha kufundisha wachungaji. Wapi? Hapahapa kwetu, Lwandai, Mlalo. Mwaka 1954 chuo kikahamia Makumira, karibu na Arusha. Pale Makumira alikuwapo mwalimu Mmarekani, Howard Olson, ambaye alikuwa na wazo moja la akili sana. Aliwaambia wanafunzi walete sauti za makwao, za Kihaya, za Kisambaa, za Kinyaturu, halafu waziandikie maneno mapya. Kwa hiyo kile kilichoachwa nje ya mlango mwaka 1891 sasa kikaitwa kiingie ndani.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Bernard Kyamanywa, kutoka upande wa Bukoba. Mwaka 1966 aliandika "Mfurahini, Haleluya". Mnaujua, msijifanye hamuujui, Pasaka haipiti bila huo. Wimbo huo ulitafsiriwa Kiingereza, ukatafsiriwa Kijerumani, na leo upo ndani ya kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Yaani walituletea nyimbo mwaka 1891, na haikupita karne moja nao wakawa wanaimba za kwetu.

Upande wa Katoliki nao kulikuwa na padre Mtanzania, Stephen Mbunga, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1963 kutetea muziki wa Kibantu kanisani, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji kwenye misa.

Lakini hata kwenye "Mfurahini" angalia vizuri. Mwandishi wa maneno anatajwa. Mfasiri anatajwa. Sauti je? Kwenye vitabu vya nje wanaandika tu ni sauti ya Kihaya, au ya Tanzania. Basi. Kuna mtu, au watu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, walioitunga ile sauti na kuirithisha kwa watoto wao. Dunia nzima inaimba kazi yao kila Pasaka. Jina kapuni.

KWA NINI NAWASUMBUA NA HAYA

Kwa sababu kapu halijajaa bado. Linaendelea kujazwa sasa hivi tunavyoongea.

Ingia mtandaoni usikilize kwaya. Nyimbo nyingi utakuta chini imeandikwa jina la kwaya iliyorekodi, jina la studio na namba ya simu ya mpiga picha. Mtunzi hayupo. Wimbo ulitungwa na mwalimu fulani wa kijijini miaka ya 80, ukaenda kambini, kwaya mgeni ikaupenda ikaunakili kwenye daftari, ikaondoka nao, ikauimba kwingine, na baada ya miaka ishirini kuna mtu wa mjini anaitwa mwenyewe. Ile kambi tunayoipenda, ndiyo njia nyimbo zinavyosafiri, na ndiyo njia majina yanavyodondoka barabarani.

Na hapa kuna hasara ya kushikika mkononi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kufa inawalinda warithi wake miaka 50. Yaani bibi kizee aliyeachwa na mwalimu wa kwaya ana haki. Wajukuu wana haki. Lakini haki hiyo inahitaji mtu aweze kuonyesha kwamba wimbo huu aliutunga fulani. Utaonyesha nini kama daftari lililiwa na panya na hakuna aliyeandika jina?

Kwai yetu hii ipo kwenye vitabu vya historia. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilianzisha hapa shamba la majaribio, wakaleta ng'ombe wa kizungu, wakajaribu ngano na viazi. Mambo ya ng'ombe yaliandikwa. Sasa sisi, watu wa simu na intaneti, tutashindwa kuandika majina ya waliotufundisha kuimba?

Si kazi ngumu. Kwaya ikiingia kambini mwaka huu, katibu achukue daftari moja la pekee. Kila wimbo unaofundishwa, aandike mambo manne: jina la wimbo, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, umetoka kwaya gani. Kama mtunzi hajulikani, aulizwe mzee mmoja kabla ya kuandika hivyo. Apige picha ukurasa, aitume kwenye kundi la kwaya. Panya hawali picha. Na wanaoweka video mtandaoni, kabla ya namba ya mpiga picha, wekeni jina la mtunzi.

Na wewe msomaji, usiondoke mikono mitupu. Hapo chini kwenye maoni andika jina la mwalimu wa kwaya aliyekufundisha, ila hakikisha ni la mtu ambaye yeye au familia yake hawatakereka kuonekana. Andika na kijiji, na sauti uliyokuwa unaimba. Besi mnaojifanya mlikuwa tena tunawajua.